Neno "eti" linapotea midomoni mwa watoto wetu

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Dar es Salaam, huu ni mwaka wangu wa 14, na ni mama wa watoto wawili. Kuna jambo naliona darasani mwaka hadi mwaka na sasa limenikaa rohoni.

Nilipoanza kazi, ukiwamwagia watoto wa miaka mitano vizibo vya soda kwenye mkeka, kabla hujageuka wameshafungua duka. Huyu anapima mafuta ya kula, yule anakopa, mwingine anamdai na daftari mkononi. Kizibo ni hela, baada ya dakika mbili ni sahani, baadaye ni abiria. Watoto wa namna hiyo bado wapo. Lakini kila mwaka naongezewa wengine wanaokiokota kizibo, wanakigeuza juu chini, halafu wananitazama. Mwaka huu mmoja akaniuliza: "Ticha, kinabonyezwa wapi?"

Mtoto yule ana akili nzuri tu. Anahesabu, anaimba, anawajua wenzake wote kwa majina. Ila karibu kila kitu cha kuchezea alichowahi kushika kilikuwa na kitufe, na kitufe kikishabonyezwa, kinachocheza ni kile kitu. Yeye ni mtazamaji.

Sisi watu wazima "eti" tunaitumia kutilia shaka: eti kapata kazi, eti anaoa. Mtoto anaijengea nyumba. "Eti mimi ndo mama, wewe ndo mtoto, eti unaumwa, eti hapa ndo Muhimbili." Akishika gunzi la muhindi akasema eti huyu mwanangu, hajadanganyika hata kidogo. Anajua fika kwamba ni gunzi, na bado analifunika kitambaa lisipate baridi. Mambo mawili yanakaa pamoja kwenye kichwa cha mtu wa miaka minne na hayagombani.

Msomi wa Kirusi Lev Vygotsky alilieleza hili katika mhadhara wa mwaka 1933. Kwa mtoto mdogo sana, kitu na maana yake vimegandana. Siku fimbo inapogeuka farasi, maana inabanduka kwenye kitu chake na kuhamia kwenye kingine. Kwetu walimu wa awali huo ndio mlango wa kusoma. Utamwambiaje mtoto kwamba kamstari haka kaliopinda ni sauti ya "s", kama hajawahi kukubali kwamba fimbo ni farasi? Vygotsky aliona pia kwamba mchezo wa kuigiza una sheria kali kuliko wazazi wanavyodhani. Aliyekuwa mgonjwa hainuki akakimbia, hata kama anatamani. Nina mvulana asiyetulia kwenye kiti dakika 3, lakini akiwa mlinzi wa eti benki anasimama wima mpaka kengele ya uji. Vygotsky akasema mtoto akicheza huwa kama amejizidi mwenyewe urefu wa kichwa kizima. Mimi namwona mvulana huyu kila Alhamisi na naona kimo hicho.

Niwapeleke nyumbani kwangu. Binti yangu mdogo alipotimiza miaka 5, shangazi yake alimletea mwanasesere anayeongea. Ukimbonyeza tumbo anatoa sentensi sita za Kiingereza na wimbo mmoja. Siku ya kwanza nyumba nzima tulisikia. Siku ya tatu binti alikuwa anambonyeza huku akitazama kwingine. Wiki ya pili betri zikaisha, mwanasesere akaishia chini ya kochi.

Siku hizo jirani akanunua friji, boksi likaachwa barazani. Watoto wanne wa nyumba yetu wakalilaza, nikawakatia madirisha kwa kisu, likawa daladala ya Mbagala. Konda ananing'inia pembeni anagonga boksi kwa kiganja: "Rangi Tatu! Rangi Tatu! Wawili tunaondoka!" Nauli ni majani ya mwarobaini. Ukatokea ugomvi, maana abiria mmoja alitoa jani kubwa akataka chenji, na konda hana chenji. Wakajadiliana kama dakika tano nzima, mpaka wakakubaliana jani lichanwe katikati. Binti yangu akakimbia ndani, akamvuta mwanasesere kutoka chini ya kochi, akamfunga mgongoni kwa kanga yangu, akarudi amekunja uso: "Eti mwanangu ana homa, tunawahi hospitali." Konda akasema, "Mpisheni mama mwenye mtoto." Na kijana wa miaka sita akainuka, akashika bomba ambalo halipo, akasimama.

Mwanasesere aliyelala chini ya kochi siku zote zile sasa alikuwa na homa, na jina, na nauli ya bure. Hakusema neno.

Mji wa Rochester, New York, kuna jumba la makumbusho linalotunza orodha ya vitu vya kuchezea vilivyotia fora kuliko vyote. Boksi la makaratasi liliingizwa mwaka 2005, fimbo mwaka 2008, blanketi 2011, mchanga 2021. Nilipojua hilo nilifurahi sana, kwa sababu watu waliokaa wakachagua hivyo wanatoka katika nchi inayouza midoli kuliko nyingi.

Na ni huko huko biashara ilikopewa ufunguo wa chumba cha mtoto. Mwaka 1978 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilipendekeza matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto wadogo yapigwe marufuku, kwa hoja nyepesi kueleweka: mtoto mdogo hajui kuwa tangazo ni tangazo. Wafanyabiashara wa midoli, pipi na vyakula wakapambana, na mwaka 1980 Bunge likaipunguzia tume hiyo mamlaka. Mwaka 1984 mamlaka ya utangazaji, FCC, ikaondoa mipaka ya matangazo kwenye vipindi vya watoto. Hapo ukashamiri utaratibu wa kutengeneza mdoli kwanza, kisha kumwandikia katuni ya kumuuza. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kurudisha mipaka, dakika 12 kwa saa siku za kazi na dakika 10 na nusu mwisho wa wiki, lakini mdoli alikuwa ameshashika usukani. Jimbo la Quebec, Kanada, lilikuwa limeshakataza matangazo ya biashara kwa watoto chini ya miaka 13 tangu 1980. Sweden ikakataza kwenye televisheni mwaka 1991, kwa chini ya miaka 12.

Kwetu mambo hayo yalifika kwa mkanda wa video, kisha DVD, kisha king'amuzi, sasa ni simu ya mama. Nenda Kariakoo mwezi Januari utazame mabegi ya shule. Begi lisilo na sura ya katuni mtoto analilia lisinunuliwe.

Ukiniuliza kinachoniuma zaidi, ni hiki. Mdoli wa katuni anamfikia mtoto akiwa na kila kitu tayari: jina, adui, sauti, silaha, na namna hadithi inavyoisha. Nimewaamulia wavulana wakigombana: "Huyo hawezi kufa, kwenye TV hafi!" Mchezo ukaishia hapo. Gunzi halina mtu wa kuja kumwambia mtoto amekosea.

Sisemi kila cha dukani ni kibaya. Shule yetu iliwahi kupewa mfuko wa matofali ya plastiki ya Lego yaliyotumika, bila boksi wala karatasi ya maelekezo. Matofali 6 tu ya vinundu vinane, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Watoto wangu hawaijui hesabu hiyo, lakini wameshajenga choo cha shimo, msikiti, mamba na kitu walichokiita "mashine ya kumwamsha babu". Leo Lego hiyo hiyo ukiinunua mpya mara nyingi ina picha ya sinema juu ya boksi na kijitabu cha hatua. Mtoto anajenga kilichopo pichani, kinawekwa kabatini, kesho anaomba boksi lingine.

La mwisho ni mahali. Mtaani kwetu kulikuwa na kiwanja mbele ya nyumba ya balozi wa nyumba kumi. Jioni ilikuwa rede upande huu, chandimu upande ule, na wadogo pembeni wanapika matope. Sasa ni fremu 8. Ya tatu kutoka kona inauza midoli.

Naomba mchango wenu. Mlicheza nini, mlikitengenezaje, na watoto wenu wanacheza nini? Nawasilisha.

Baba Watatu

Mwalimu, heshima kwako, ila nina neno. Mimi nilicheza na makopo kwa sababu nyumbani hakukuwa na hela, wala sikuwa nakuza akili yoyote. Nilikuwa naumia. Rafiki yangu alikuwa na gari la betri na nilikuwa nachungulia dirishani kwao. Nikapata kazi nikaapa wanangu hawatachungulia dirishani kwa mtu. Leo nasoma hapa kwamba nimewakosea?

Mwanzisha uzi

Kaka yangu, hujawakosea, na asante kwa kulisema wazi. Baba anayekumbuka dirisha lile akanunua gari ni baba mwenye upendo. Sitaki kabisa kuusifia umaskini. Mtoto anayeshinda akiuza karanga stendi naye hachezi, na huyo kanyimwa zaidi ya wa kwangu. Kucheza ni haki iliyoandikwa, Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, na Tanzania iliuridhia mwaka 1991.

Ninachoomba ni kidogo. Gari likishaingia ndani, liache lizime. Usikimbilie kununua betri. Likae wiki, utazame wanachofanya nalo. Na ukipata nafasi wasimulie lile dirisha. Watoto wanapenda sana kuigiza habari za wazazi wao walipokuwa wadogo.

Mwana wa Nakuru

Sisi huku Kenya mchezo wa baba na mama tuliuita kalongolongo. Mkebe wa Kimbo ndio sufuria, matope ndiyo ugali, majani ya ua la jirani ndiyo sukuma wiki. Baba lazima arudi jioni amechoka na aulize chakula kiko wapi! Dada yangu alikuwa anatuandikia risiti za karo kwa mkaa ukutani. Sasa tunaishi ploti ya ghorofa tano, watoto wakianza tu kelele kwenye ngazi keateka anawafukuza, wakishuka chini ni maegesho ya magari. Wanarudi ndani kwa TV. Mwalimu, ule mstari wa fremu 8 umenigusa sana. Watoto wangetoka wangeenda wapi?

Mama Mlezi

Mimi nitapinga kidogo. Huo mchezo wa baba na mama mnaousifia ndio uliowaharibu watoto wengine. Mtaani kwetu kuna kesi iko polisi, ilianza kama "tunacheza tu" na mtoto mkubwa. Tangu hapo wanangu hawachezi na mtu. Bora katuni, najua wako wapi.

Mwanzisha uzi

Dada, pole sana, na hofu yako naiheshimu. Darasani kwangu nina kanuni ambazo sizilegezi. Mchezo ni mahali pa wazi, mlango na pazia havifungwi. Wanaocheza wanakaribiana umri, mkubwa akiingia kwenye mchezo wa wadogo naenda kukaa karibu. Na kila mtoto anajua sehemu za mwili ambazo hakuna mchezo unaozigusa, na kwamba mchezo wenye siri anakuja kuniambia siku hiyo hiyo.

Lakini usiwafungie kabisa. Mtoto mara nyingi huigiza kwanza jambo ambalo hawezi kulisema. Mwaka juzi binti mmoja alikuwa kila siku anampiga mdoli akimwambia "nyamaza wasisikie". Ndivyo tulivyojua yanayoendelea kwao, na akasaidiwa. Mbele ya katuni tusingejua.

Kijana wa Kodi

Mwanangu wa miaka 6 anaweka simu mbovu juu ya kopo, anajirekodi eti: "Mambo vipi marafiki, leo tunafungua boksi, msisahau kulaiki na kusabskraibu!" Anafungua boksi la sabuni. Kwa hoja yako huyu si anaigiza vizuri tu? Konda wa daladala naye ni biashara.

Mwanzisha uzi

Umenifikirisha, nimekaa na swali lako tangu asubuhi. Ndiyo, anaigiza. Simu mbovu, kopo, boksi la sabuni, hiyo ni "eti" safi kabisa, na nafuta lile neno nililoanza kuliandika la kukupinga. Watoto siku zote wameigiza kazi wanazoziona.

Ila naomba umtazame hatua inayofuata. Ndani ya boksi la sabuni anakuta nini? Akikuta nyoka, au barua ya bibi, au mji wa sisimizi, mwache, anaendelea vizuri. Nilionao mimi wengine wanafungua, wanasema "wao!", wanafunga, wanafungua tena, basi. Video zenyewe wanazoziiga zinaishia hapo, kwenye kufungua. Hazionyeshi mtoto anayecheza na kile kitu jioni yake, maana hapo hakuna cha kuuza. Kwa walio na wadogo zaidi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema chini ya mwaka mmoja skrini isiwepo kabisa, na miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku.

Mtoto wa Ng'ambo

Unguja sikukuu ya Idi tulikuwa tukipewa mkono wa Idi tunakwenda viwanjani, pesa yote inaishia kwenye puto, miwani ya plastiki na bastola za maji. Siku ya pili vyote vimevunjika. Siku ya tatu ndiyo tamu: tunafungua viwanja vyetu wenyewe uani kwa bibi, tunauziana vile vilivyovunjika. Bibi alikuwa anakuja na sarafu za kweli, ananunua miwani isiyo na kioo, anaivaa mpaka magharibi.

Fundi Geti

Mwalimu umeuliza tulitengenezaje. Mimi nachomelea mageti, lakini kazi ya chuma niliianza na magari ya waya Tabora nikiwa darasa la pili. Sikiliza. Waya wa kufungia nondo ni laini sana, gari litalegea. Tafuta waya wa fensi kwa bodi, ule laini utumie kufungia maungio tu. Anza na chesisi, mstatili, halafu ekseli mbili. Ekseli ya mbele isifungwe moja kwa moja, ipitishe kwenye kitanzi ili igeuke. Usukani ni waya mrefu unaotoka ekseli ya mbele mpaka kifuani kwa mtoto, juu unakunja duara. Akitembea anaendesha. Springi tulikuwa tunaweka mpira wa tyubu ya baiskeli. Taa ni vizibo. Mimi langu lilikuwa lori, nilikuwa nabeba mchanga eti napeleka Kigoma, na kila mti ulikuwa mji. Barabara hiyo nilikuja kuipita kweli nikiwa na miaka 30, na nilikuwa naitafuta ile miti.

Mwanzisha uzi

Fundi, nimeyanakili yote kwenye daftari la maandalio. Wiki ijayo nawaita wazazi wanne walete waya, wakunje wenyewe mbele ya watoto. Bado hujasema magurudumu. Ndala nimeshakusanya, pea 11. Unakata kwa nini ili yatoke duara?

Fundi Geti

Kopo la nyanya, mdomo wake. Weka ndala juu ya ubao, bonyeza kopo kwa nguvu huku unazungusha kama unafungua mfuniko. Hiyo ifanye wewe, watoto wasishike. Tundu la katikati toboa kwa msumari uliopashwa moto. Usisahau kukunja ncha ya ekseli baada ya gurudumu kuingia, la sivyo litachomoka kwenye kona ya kwanza. Na ndala za rangi mbili ziweke mbele na nyuma tofauti, watoto wanapenda.